Sahani ya Samaki Migwani: Nani Anakula Shilingi 450?

Mteja wa Migwani akitajiwa samaki mzima wa kukaanga, ugali na sukuma wiki kwa shilingi 450, lawama ya kwanza huiangukia barabara. Ziwa Victoria liko mbali, bahari iko mbali, na Kitui ni nchi ya mbuzi na ndengu; basi lazima ni nauli ya samaki. Nimeipiga hesabu hiyo, na barabara inatoka karibu mikono mitupu. Anayekula zaidi ni kiti kisichokaliwa na mtu.

Bei nitakazotumia ni makadirio ya kupigia hesabu, si orodha ya mtu yeyote. Hoteli yenyewe ni ya mfano: meza sita, mpishi mmoja, mhudumu mmoja, friza moja ambayo nusu yake imejaa soda. Ukiwa na bei zako, weka mahali pa zangu. Njia ni ile ile.

Tuanze na samaki. Wengi wanaofika miji midogo ya Ukambani hupitia Nairobi, hasa soko la Gikomba, ambako ngege na mbuta wa Ziwa Victoria hukutana na ngege wa kugandishwa kutoka China na wale wanaofugwa kwenye vizimba ziwani, kama wa Victory Farms kule Homa Bay. Muuzaji huwapanga kwa saizi, na kadiri samaki anavyokuwa mkubwa ndivyo kilo yake inavyopanda bei. Tuseme samaki wetu ana gramu 400 na kilo ni shilingi 450. Hapo ameshakula shilingi 180, yaani senti 40 katika kila shilingi atakayolipa mteja.

Katika hizo 180 kuna vitu visivyoliwa. Ngege akitolewa mnofu mtupu hutoa karibu theluthi moja tu ya uzito wake. Mlaji hodari wa kuchambua miiba, kichwa na mashavu hufika karibu nusu. Kama ni wa katoni, mtazame vizuri. Samaki wa kugandishwa huvikwa utando wa barafu ili asikauke, na katoni ya kawaida ni ya kilo 10. Utando ukiwa asilimia 10, hoteli imenunua kilo 9 za samaki na kilo moja ya maji yaliyosafiri kutoka Asia. Halafu kuna serikali: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa bidhaa kwa samaki wa kuagizwa, shilingi 100,000 kwa tani au asilimia 20 ya thamani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Kwa kiwango cha chini hiyo ni shilingi 100 kwa kilo, 40 kwa samaki wa gramu 400. Shika hiyo 40, tutailinganisha na nauli sasa hivi.

Kutoka Nairobi hadi Mwingi ni takriban kilomita 170 kwa barabara ya Thika na Garissa, kisha unageukia kusini kuja Migwani. Mwenye hoteli akienda mwenyewe, tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni 1,000. Akirudi na kilo 40, alipie mzigo 400 na barafu 200, jumla ni 1,600, sawa na shilingi 40 kwa kilo, au 16 kwa samaki. Kumi na sita! Ushuru wa samaki wa kuagizwa ni zaidi ya mara mbili ya safari nzima. Lakini akirudi na kilo 10 tu, nauli yake ni ile ile 1,000, mzigo 100, barafu 50. Sasa kila kilo imebeba 115, kila samaki 46. Kilomita hazikuongezeka hata moja. Na anayemwamini muuzaji wake, akampigia simu, akatuma pesa na kuupokea mzigo wa kilo 40 steji, hulipa 600 peke yake: shilingi 6 kwa samaki.

Barafu inastahili neno lake, maana ndiyo inayoamua kama mzigo utafika ukiwa chakula. Kwa hesabu ya fizikia, kilo moja ya barafu ikiyeyuka inatosha kushusha kilo tatu za samaki kutoka nyuzi 30 hadi sifuri. Hiyo ni kwenye karatasi. Katika sanduku linalopigwa na jua juu ya matatu inayosimama Matuu na kila kituo baadaye, joto linaingia njia nzima, na watu wa kazi hii katika nchi za joto hukadiria kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Ndiyo kusema mzigo wa kilo 40 unasafiri ukiwa 80. Anayepunja barafu huokoa shilingi mia na kuhatarisha samaki wa 18,000. Akiwa ndani ya barafu ya kutosha, ngege hukaa vizuri wiki mbili. Akiachwa kwenye joto la mchana la Kitui, hafiki kesho yake.

Twende jikoni. Mpishi humpara magamba, humtumbua, humchanja mistari mitatu kila ubavu ili mafuta yafike kwenye uti, humpaka chumvi na ndimu, kisha humteremsha ndani ya karai. Mafuta yanapiga kelele, na kelele yote ni maji yanayomtoka samaki, ikipungua, ameiva. Maji hayo nayo yalilipiwa kwa kilo huko Gikomba. Mafuta anayoyanywa samaki pamoja na sehemu ya yale yatakayomwagwa jioni, weka 15. Makaa, 14. Ugali, sukuma, nyanya, kitunguu na kipande cha ndimu, 40. Jumlisha na 180 ya samaki na 16 ya safari: 265.

Hapa ndipo mteja huuliza hizo 185 zilizobaki zinaenda wapi, na jibu lake halimo katika sahani kabisa. Hoteli hulipa vitu vingine hata siku ambayo hakuna aliyeingia. Kodi ya nyumba 9,000 kwa mwezi, yaani 300 kwa siku. Mpishi 700. Mhudumu 500. Umeme wa friza na taa 60, maji 100, leseni na taka 40 ukizigawa kwa siku. Jumla 1,700. Deni hilo huamka kila asubuhi kabla ya mwenye hoteli.

Kuna hasara pia. Katika kila samaki kumi, tuseme mmoja haliwi: amelala sana kwenye friza, umeme umepotea usiku, au mteja aliagiza akaondoka gari lilipopiga honi. Gharama ya huyo mmoja hubebwa na tisa waliouzwa, shilingi 22 kila mmoja. Mwisho ni kodi ya mauzo ghafi, iliyopandishwa kutoka asilimia 1 hadi 3 mwaka 2023 kwa biashara zinazouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Hoteli inayouza sahani kumi tu kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inapita milioni 1.4, kwa hiyo imo. Kodi ni 13.50 kwa kila sahani, na haijali kama umepata faida au hapana, maana inatozwa juu ya mauzo.

Sasa 450 toa 265, toa 22, toa 13.50. Kila sahani inaacha 149.50 ya kulipa lile deni la 1,700. Gawanya: ni sahani 11 na kidogo. Sahani ya 12 ndiyo ya kwanza inayomletea mwenye hoteli shilingi ya kwake.

Akiuza sahani 10, anapoteza shilingi 205 siku hiyo, na bado anatakiwa kulipa kodi ya 135. Akiuza 20, anabaki na 1,290. Akiuza 40, anabaki na 4,280. Mauzo yameongezeka mara mbili kutoka 20 hadi 40, faida imeongezeka zaidi ya mara tatu, na samaki ni yule yule, karai ni lile lile. Ungeifuta safari yote, ungeileta Gikomba hapa Migwani ukaiegesha kando ya soko, sahani ingepungua 16 tu, asilimia 3.6 ya bei. Wateja wakiongezeka kutoka 10 hadi 20, gharama ya kila sahani inashuka kwa 85.

Je, hao 12 wa kila siku wapo? Mkenya wa wastani hula samaki kilo 4 hadi 5 kwa mwaka, wakati wastani wa dunia umepita kilo 20. Chukua 4.5. Watu 1,000 watakula kilo 4,500 kwa mwaka, karibu kilo 12 kwa siku, sawa na samaki 30 wa saizi yetu, wakiwemo omena na wale wa nyumbani. Mmoja kati ya kumi akiliwa hotelini, hizo ni sahani tatu. Kupata sahani 12 unahitaji watu 4,000 wanaokula kama Mkenya wa wastani, na wote waje kwako. Jirani akifungua hoteli ya pili ya samaki, mnahitaji 8,000. Na wastani huo unavutwa juu na watu wa Kisumu, Homa Bay, Siaya na Busia. Migwani si Homa Bay. Hapa mgeni wa heshima huchinjiwa mbuzi.

Mbuzi mwenyewe ni mshindani mgumu kuliko anavyodhaniwa, na si kwa ladha pekee. Huja sokoni kwa miguu yake, hahitaji barafu, hachinjwi mpaka wanunuzi waonekane. Halafu anagawanyika. Mteja mwenye shilingi 200 anapata robo kilo, kama kilo ni 800, na anaondoka ameshiba na heshima yake. Samaki mzima hagawanyiki. Ndiyo maana mazungumzo kama haya husikika kila mahali samaki anapouzwa:

“Mama, samaki yuko?”

“Yuko, lakini ni mkubwa. Wa 450.”

“Na wa 250?”

“Wa 250 waliisha saa saba.”

Wadogo huisha kwanza, ila mwenye hoteli hawapendi kama mteja anavyowapenda. Samaki wa gramu 200, hata akinunuliwa kwa bei nafuu ya 350 kwa kilo, anaacha shilingi 94 hivi baada ya gharama zake, kwa sababu ugali ni ule ule na mkono wa mpishi ni ule ule. Kwa wadogo watupu hoteli inahitaji sahani 19 ili ilipe siku. Ukipenda bei ya chini kuliko hiyo, ipo mgongo wazi: fremu ya mbuta iliyobaki kiwandani baada ya minofu kutolewa kwa ajili ya soko la nje. Ulaya imekula katikati, sisi tunakaanga pembeni, na kusema kweli pembeni ndiko kwenye utamu.

Kuna wanaosema, tufuge wetu. Imeshajaribiwa. Mwaka wa fedha wa 2009/2010, chini ya mpango wa kuchochea uchumi, serikali ilitenga shilingi bilioni 1.12 kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila moja ya maeneo bunge 140. Mabwawa 28,000, shilingi 40,000 kila moja, mita za mraba 300, vifaranga 1,000. Katika nchi ya mvua na chemchemi hesabu hiyo inasimama. Iteremshe Kitui uone.

Bwawa la mita 300 za mraba lenye kina cha mita moja hubeba lita 300,000, yaani mitungi 15,000 ya lita 20. Jua la huku likivukiza milimita 5 kwa siku, na hicho ni kiwango cha kawaida kabisa kwa nchi kavu, bwawa hupoteza lita 1,500 kila siku: mitungi 75, kabla ya tone moja kupenya udongoni. Kwa miezi minane ya kukuza samaki ni lita 360,000. Tuseme mvua ya milimita 400 imenyesha humo ndani na kurudisha lita 120,000. Umetumia lita 540,000, au mitungi 27,000. Mavuno: vifaranga 800 waliosalimika, gramu 300 kila mmoja, kilo 240. Kila kilo ya samaki imekunywa mitungi 112. Hata ungeuziwa mtungi kwa shilingi 5, maji peke yake ni zaidi ya 560 kwa kilo, na samaki bado hajala. Chakula chake, kwa kilo moja na nusu kila kilo ya mwili na shilingi 130 kwa kilo ya chakula, ni 195 nyingine. Yule wa Gikomba alikuwa 450, na nauli 40.

Anayeokoa bwawa ni yule mwenye maji ya bure: mfereji unaoteka mafuriko ya barabara, au mto usiokauka. Kitui ina mamia ya mabwawa ya mchanga, mengi yaliyojengwa na wanajamii pamoja na shirika la SASOL tangu miaka ya 1990, na hayo ni hazina kwelikweli, kwa sababu maji yaliyofichwa ndani ya mchanga jua haliyafikii. Samaki naye haogelei mchangani. Na palipo na maji ya juu, mbuzi wa jirani yako wana haki kabla ya ngege wako. Mzee wa kijiji hatakuelewa ukimwambia vinginevyo.

Maji makubwa ya karibu ni ya Tana. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, lina ukubwa wa kilomita za mraba 120 hivi; Kiambere, la 1988, kama 25, nalo limepakana na Kitui yenyewe. Yana ngege, kambare na kapi, aina ya samaki wa kigeni. Samaki wa huko hapitii Nairobi. Kinachomwangusha ni kwamba mvuvi hakupangii saizi wala hakuahidi siku: leo kilo 30 za mchanganyiko, kesho hakuna. Hoteli inayotangaza samaki wa 450 haiwezi kuishi kwa bahati ya wavu, ingawa kwa siku ya soko ningemtafuta huyu kwanza.

Na samaki wa bahari? Hapa barabara imefanya kazi ambayo wengi hawajaigundua. Zamani nguru au changu wa Mombasa angepanda hadi Nairobi, kilomita 480, kisha aanze safari nyingine ya Mwingi. Barabara ya Kibwezi, Mutomo, Kitui hadi Migwani, iliyojengwa na kampuni ya Sinohydro ya China, ina urefu wa takriban kilomita 190. Ukiacha barabara ya Mombasa pale Kibwezi, Makueni, unafika Migwani kwa kilomita 470 au 480 badala ya 660 na zaidi. (Wachina hawa wametuletea samaki wao kwa upande mmoja na njia ya samaki wetu kwa upande wa pili. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alilalamikia hadharani huo upande wa kwanza.) Hata hivyo kilomita 180 zilizookolewa zinashusha sahani kwa shilingi chache tu, kwa sababu ile ile: nauli haikuwa ugonjwa. Samaki wa bahari hununuliwa ghali tangu ufukweni, sahani yake ingepita 700, na meza za kumlaki ni chache kuliko za ngege.

Aliye na haja ya protini tu asije hotelini kwa samaki. Samaki wetu wa 450, akishachambuliwa, ana kama gramu 36 za protini. Gramu 150 za ndengu kavu zinakupa kiasi hicho hicho, na kwa shilingi 150 kwa kilo hizo ni shilingi 22 na senti 50. Samaki wa hotelini ni starehe, na starehe hulipiwa.

Basi kwa nini samaki bado yuko kwenye ubao wa hoteli za miji kama hii? Kwa sababu halipi kodi ya nyumba peke yake. Chai, mandazi, muthokoi na maharagwe vikilipa 1,200 katika lile deni la 1,700, samaki anabaki na 500 za kulipa, na 500 ni sahani nne. Nne zinapatikana. Hoteli ya samaki watupu Migwani ni biashara ya kuota ndoto. Samaki kama mpangaji mdogo katika nyumba ya chai ni biashara inayokwenda.

Hilo linampa mteja nguvu asiyoijua. Chama cha watu kumi kikipiga simu jana yake na kutuma pesa ya kwanza, hakuna samaki wa kuoza, kwa hiyo zile 22 zinafutika. Wakiomba sahani kwa 400, kila moja inaacha 123, jumla 1,230. Wakiwa wagumu, wakashusha hadi 350, inaacha 74.50, jumla 745. Mwenye hoteli atanung'unika, atataja bei ya mafuta, atasema anawapa kwa sababu ni watu wa nyumbani. Sahani zake nne za kila siku, kwa 450 nzima, humwachia 598.